Pishi Yenye Kibonyeo

Kioo kiliniandikia kwa herufi nyeupe,
chini pembeni, kama mtu asiyetaka ugomvi:
nakala hii si halali.

Nilikuwa nachapa kadi za harusi ya bintiye Bi Tumu,
mia na hamsini, bismillahi juu, maua pembezoni.
Kidole kikasita hewani.
Kumbe hata mashine inalijua neno hilo.

Wete nzima tunatumia nakala ile ile.
Kijana wa Bomani aliniuzia kwa elfu kumi,
sidii imeandikwa kwa kalamu ya wino: ORIJINO.
Miaka sita nimekula nayo, nimelipa kodi ya fremu nayo,
na wala sikusema ni njema.
Siku Mzee Mbarouk wa Gando alipotaka cheti chake,
gari ya Mkoani inapiga honi, meli haimngoji mtu,
yenyewe ikajifunika shuka la buluu:
Nasasisha. Asilimia thelathini. Usinizime.
Mzee akaenda na kopi ya upande mmoja.
Na flashi za wanafunzi! Kila moja na maradhi yake,
nikiichomeka tu mafolda yote yageuka shotikati,
ukibonyeza huendi popote.

Akaja Asaa, mtoto wa kaka yangu, likizo.
"Shangazi, ipo nyengine. Ya bure, na ni halali."
Nikamuuliza mara mbili.
Bure na halali, huku kwetu,
havilali chumba kimoja.

Usiku mmoja akafuta yote.
Asubuhi kioo kina rangi ya zambarau lililoiva
na printa hainijui.
Wiki tatu hainijui!
Nikanakili amri daftarini, mstari kwa mstari,
kama mtoto wa chuoni asomaye kabla hajaelewa,
nikikosea nukta moja, hakuna kitu.
Asaa kesharudi Unguja. Nikipiga simu:
"Zima, shangazi, halafu washa."
Elimu yote ile ya ada, zima halafu washa.

Mwalimu Faki akaleta mtihani wa jiografia.
Swali la saba limehamia ukurasa wa tatu,
Afrika imekalia jedwali la mvua.
"Rudi kule, Biubwa," akanambia. "Kule tupo wote."
Siku ile nilivuta mtoto wa meza.
Sidii ilikuwamo bado, chini ya risiti, inang'aa.

Mama yangu aliuza kunde sokoni
kwa pishi ya bati yenye kibonyeo ubavuni.
Iliangushwa na punda, ama na baba, hadithi zilibadilika.
Hakuwa na fedha ya pishi mpya.
Lakini alikijua kile kibonyeo
kama mtu anavyolijua jino lake bovu,
na kila alipopima, akijaza mpaka juu,
alitia mkono guniani akaongeza konzi moja.
Wateja wapya walidhani ni ukarimu.
Ilikuwa hesabu.

Nikausukuma mtoto wa meza, ukafunga.

Sasa najua: nikiilaza, haiamki, basi siilazi.
Najua mtandao huanguka adhuhuri, nami huenda kusali.
Umeme ukikatika, ukirudi, inarudi kimya,
hainidai kitu. Hilo nalipenda.
Barua za ofisini zenye jedwali huzichapa kwanza karatasi mbovu,
kwa wino wangu, nikaona kilichohama.
Na siku nyengine huipiga kofi ubavuni, nisiseme uongo.

Jana Mwalimu Faki kaja tena na mtihani.
Nilikaa saa nzima nairudisha Afrika mahala pake,
Madagaska ikabaki kidogo baharini zaidi.
Akavaa miwani, akatazama, akaguna.
"Kurasa ngapi?"
"Nane," nikasema.

Ule wa tisa sikuuhesabu.