Shingo au Kifua

Aliachwa na wenye nyumba kule Kasuarina
badala ya mshahara wangu wa miezi mitatu.
Wao walimwita jina la kwao, la kupuliza midomo.
Mimi nikamwita Deni.
Analiitikia.

Ukosi aliokuja nao ulikuwa wa ngozi nyekundu,
umekaushwa na chumvi, umepasuka kama kisigino.
Nikiuvuta, anakohoa
kikohozi cha mzee aliyepaliwa na mnazi,
kisha ananitazama, wala si kwa chuki,
kama mtu anayetaka kukuuliza saa.

Jumamosi tukaenda duka la dawa za mifugo.
Swabra, muuzaji, alikuwa ameshatia udhu;
akanirushia futi ya fundi cherehani kutoka ng'ambo ya meza:
"Mpime mwenyewe, Tsofa. Mimi nitajie namba tu."
Shingo, arubaini na mbili. Kifua, sabini na nne.
Akaweka vitu viwili juu ya gazeti.
Ukosi wa nailoni, mia tatu na hamsini.
Mkanda wa kifuani, una vifungo vya plastiki
na mikono ya kupitisha miguu, elfu moja na mia mbili.
"Huo wa shingo unamfundisha," akasema.
"Huu wa kifua unamstahi."
Maneno ya biashara, najua. Lakini yaliniganda.

Maana mimi nimewahi kuvaa vyote viwili.

Miaka saba nilivuta mkokoteni wa maji,
madumu ishirini, Maweni hadi Kisumu Ndogo.
Mwanzoni nilipitisha kamba begani, nayo ikapanda shingoni,
hata siku moja, mbele ya kinyozi,
dunia ikaingia giza kutoka pembeni,
watu wakanimwagia maji niliyokuwa nayauza.
Marehemu Mbitsa, hamali mwenzangu, alicheka kwanza.
Kisha akakata mpira wa tairi, akanifunga hapa, chini ya chuchu:
"Shingo ni ya kumezea. Kifua ndicho cha kazi."
Tangu siku hiyo sikuanguka.
Tangu siku hiyo, pia, tajiri akaniongezea madumu kumi.

Nikalipa elfu moja. Mia mbili Swabra ameziandika daftarini.

Watoto wa Mtangani walituona wa kwanza:
"Oneni! Mbwa kavaa sidiria!"
Deni hakujali. Deni alikuwa amegundua
kwamba hakuna kinachomkaba.
Akainamisha kichwa, akachimba mchanga kwa kucha,
akavuta.
Lo! Akanikokota kama dumu tupu,
tukampita muuza mahamri, tukampita mkopeshaji wangu
(hapo nilishukuru mwendo),
ndara ya kushoto ikabaki njiani,
nami ndipo nikaelewa Mbitsa alicheka nini.

Usiku mke wangu Nyevu aliugeuzageuza ule mkanda kwa tochi ya simu,
akaona pete ya pili, ndogo, mbele ya kidari,
ambayo mimi sikuiona, wala Swabra.
"Na hii je, ni ya urembo?"
Asubuhi tukafunga kamba hapo.
Sasa akivuta, anajikuta amegeuka,
uso kwa uso nami, ameduwaa,
kana kwamba tumegongana kwenye kona.
Tunasimama. Naye anafikiri, nami nafikiri.
Tunaanza tena.

Haendi kama askari. Paka akitokea, hakuna pete itakayosaidia.
Lakini kikohozi kimekwisha,
na nikishika ule mkanda huja mwenyewe, hunipa kifua.
Shingo hanipi.
Nami siiombi.

Ukosi mwekundu nimeutundika msumarini, nyuma ya mlango.
Una kibati kidogo, kimechongwa nambari ya simu ya wenyewe.
Nimeipiga mara mbili.
Haipatikani.