Tofauti ya Saa Kumi

Saa tatu usiku hapa Bergen, na jua bado limekaa
kama mgeni asiyejua kuaga.
Kule Dunedin ni saa moja asubuhi, Julai, baridi ya kukata masikio,
na simu inatetemeka juu ya meza ya jikoni:
Sefina Lemalu, mpangaji wangu, ameamka.

"Habari Isobel. Mashine ya joto imezimika tangu Jumanne.
Mtoto anakohoa. Chumba cha nyuma
kuvu imepanda ukuta hadi usawa wa kitasa.
Nimempigia Graeme mara tatu."
Na picha.

Naikuza kwa vidole viwili.
Kuvu naiona, ndiyo, nyeusi, ina mabaka kama visiwa;
lakini jicho langu, jicho la mwenye mali,
linakimbilia zulia: nani kaliunguza kwa pasi?

Chumba hicho nilikilala miaka kumi na saba.
Nilikohoa humo.
Baba akifuta ukuta kwa siki, akisema
nyumba zote za mlimani hupumua hivyo.

Nafungua daftari. Mali bila daftari
hupotea bila habari, na mimi habari ninazo tele:
kodi ya wiki, dola mia tano na ishirini.
Toa asilimia nane ya Graeme, wakala asiyepokea simu.
Toa mkopo wa benki, mia tatu tisini na moja.
Toa bima na ushuru wa manispaa, tisini na sita vyote viwili.
Napungukiwa dola nane na senti sitini
kila wiki, gharama ya kuitwa mwenye nyumba.
Na kroni imeshuka tena.
Na watu wa kodi, wa huku na wa huko,
wananiuliza kwa fomu mbili swali moja:
wewe ni mkazi wa wapi?
Natia alama kwenye kisanduku. Nafuta. Natia tena.

Kuna barua niliiandika juzi, haijatumwa:
"Mpendwa Sefina, kutokana na hali ya soko,
kuanzia Septemba kodi itapanda kwa dola thelathini."
Hali ya soko! Kana kwamba soko ni mvua,
kana kwamba si mimi niliyeshika kopo.

Tone.

Tone jingine.
Dari ya bafu langu inadondoka tangu Aprili.
Hapa na mimi ni mpangaji, ghorofa ya tatu,
nyumba ya bwana Torgeir, mstaafu,
ambaye yuko Alicante anaota jua
na barua yake ya hali ya soko ilinifikia jana.

Nikanakili maneno ya Sefina, neno kwa neno.
Mashine nikaigeuza dari. Kuvu nikaiacha, ninayo.
Mtoto nikasita kumfuta;
sina mtoto, lakini kwa nusu dakika
nilimwazima kifua chake.
Kisha nikamfuta, nikatuma.

Torgeir akajibu papo hapo:
kidole gumba, kimeelekea juu.
Basi.

Nikarudi kwa Sefina, nimjibu,
na hapo nikakiona kidole changu mwenyewe
kimeshatua juu ya alama ileile.

Nikampigia fundi wa Mosgiel, bila kupitia kwa Graeme.
Atafika mchana wao, usiku wangu wa manane.
Mia sita na kumi. Nimelipa kwa kroni, sikutazama bei ya kubadilisha.

Barua ya kodi sikuichana, nisidanganye.
Pale penye thelathini nimeandika kumi.
Graeme atamega senti themanini,
pengo langu litameza nane na sitini,
zibaki senti sitini za faida kwa wiki.

Nimeziandika daftarini, mstari wa peke yake:
siki.