Bangili Namba Saba

Ya kwanza niliichora kwa kiburi cha miaka ishirini na saba:
kioo cheusi, namba za kijani,
hatua elfu sita kwa siku, la sivyo inafoka.
Nikaipeleka Sinza kwa Bi Tunosye Mwakibete,
mstaafu wa simu za mezani,
aliyekaa miaka thelathini na mmoja
akichomeka waya kwenye matundu,
akiunganisha Mtwara na Mwanza,
mume na mke, mdai na mdaiwa.

Akaigusa. Kioo hakikumtambua.
"Kidole kimekauka, mwanangu.
Hata kwa kitambulisho cha taifa
walinipaka mafuta mara tatu."

Akakaa nayo wiki. Takwimu zikamiminika:
hatua elfu tisa, elfu kumi na moja, elfu kumi na nne!
Karakana nzima tukapiga makofi.
Kumbe alimfunga mjukuu wake mguuni,
shule kwenda na kurudi, na mpira wa jioni.

Nilimkuta anachambua mchicha.
Hakuomba radhi.
"Unanihesabia hatua kama mwizi anayesakwa.
Niende wapi?
Zamani siku ya pensheni ilikuwa safari: foleni, benchi,
Mkude wa reli kanishikia nafasi,
tunawasengenya wahasibu hadi adhuhuri.
Siku hizi hela inaingia kwenye simu, inalia ting, basi.
Mmetuletea pesa mlangoni
mkatuchukulia watu."

Nilirudi Kijitonyama na fungu la mchicha na aibu.
Nikang'oa kioo.
Nikang'oa namba.
Mkanda wa mpira ulimwasha ngozi;
akaubadili mwenyewe kwa pindo la kanga kuukuu,
na wa Mkude akaukata kwenye koti lake la reli,
bluu iliyopauka, tundu la kifungo likiwa bado lipo.
Nikabakisha betri,
mota ndogo kama punje ya choroko,
na neno moja alilonisindikiza nalo getini:
"Mtu akipiga, taa iliwaka kwenye ubao wangu.
Sikujua anataka nini. Nilijua yupo."

Basi namba saba ni hivyo tu.
Bi Tunosye akivuka geti,
mkono wa Mkude, kule Mwenge, unatikiswa mara mbili.
Mkude akianza kutembea, yake inajibu.
Wanakutana Bamaga kwa muuza supu
na kubishana nani aliyemtikisa mwenzake.
Mfadhili aliniuliza mafanikio yanapimwaje.
Nikampelekea daftari la muuza supu:
Machi bakuli mbili,
Aprili tano, maana Mkude alimleta shemeji yake
na wale wawili wa bandarini wasiosalimiana,
Juni kumi na moja, na deni la chapati nne.

Mkude alifariki Agosti.
Moyo, tena usingizini; bangili haikujua,
sikuifundisha kujua hilo.
Binti yake aliileta katika bahasha ya kaki,
juu kaandika kwa penseli: Mali ya karakana.

Ninapaswa kuifuta na kumpa mwingine.
Kuna orodha. Mwalimu mmoja wa Tandale
ananipigia kila Jumatatu, kwa adabu inayoumiza.
Lakini iko mezani, kando ya chuma cha kulehemu,
na kila siku saa kumi na mbili kasorobo,
kabla gari la taka halijapiga honi,
inatikisika juu ya mbao,
mara mbili,
inasogeza skrubu ndogo kuelekea ukingoni.

Bi Tunosye anajua ilipo. Nilimwambia.
Alinyamaza kidogo, akauliza,
"Ina chaji?"

Leo nimeivaa.
Koti la reli linanuka tumbaku na sabuni ya mche.
Sina stori za wahasibu.
Sina hata miaka thelathini.
Skrubu imeanguka, nimeiacha chini,
ninafunga kamba za viatu.