Vipimo vya Msikiti wa Kisimakale

Idara imenipa tepu ya mita thelathini,
kalamu mbili, na fomu yenye visanduku.
Hali ya jengo: nzuri, wastani, mbaya.
Nimeanzia kaskazini, kwenye kibla,
maana huko ndiko na wao walikoanzia.

Upana wa ukumbi: mita mbili na nusu.
Hawakupima kwa mita. Walipima kwa mkoko.
Boriti haizidi pale mti ulipokomea,
na mikoko ya huku Tanga haina tamaa ya urefu;
basi mti ukaamua, fundi akatii,
na watu wakaswali kwa safu nyembamba
karne baada ya karne, bega likigusa ukuta.

Katikati, nguzo tatu kwa mstari mmoja.
Ya kwanza imetunisha kifua mbele ya mihirabu.
Nani aliyemwona imamu?
Waliokaa nyuma waliswali kwa masikio.

Mihirabu ni tumbawe, lilichongwa likiwa bichi,
laini kama muhogo uliochemka,
kabla jua halijalifanya jiwe.
Ukichelewa, patasi inakataa.
Hivyo ndivyo alivyosema marehemu baba, Fundi Mwinyikondo,
kuhusu mawe, kuhusu posa, kuhusu kila kitu.

Alichoma chokaa hapo nyuma. Mimi nilibeba kuni.
Gogo juu ya gogo, matumbawe juu yake, moto,
halafu rundo jeupe likaachwa linyeshewe
masika nzima, mpaka lisahau kuwa liliungua.
"Chokaa ya haraka," alisema, "ni unga tu,
hata chapati haifai."

Pembeni lipu imebanduka.
Nahesabu matabaka kwa ukucha, na la saba lina rangi ya jino.
Kila kizazi kilipaka juu ya mikono ya waliotangulia.
Kwenye tabaka la tatu, alama ya dole gumba,
dogo. Mtoto aliyeambiwa asiguse.
Fomu haina kisanduku cha dole gumba.

Juu ya upinde, matundu sita ya duara.
Humo mlikuwa na bakuli za kaure zilizotoka mbali
kuliko aliyezipachika alikowahi kufika.
Ziling'olewa. Na nani? Naandika: haijulikani.
Inajulikana. Lakini wajukuu zake ndio wanaonipikia chai.

Ukuta wa kusini umeinama vidole vinne.
Kisima: maji yapo, kamba haipo.

Kushoto mwa mihirabu kuna pengo la jiwe moja,
jiwe la nakshi ya msuko kama la kulia,
kwa kipimo, shubiri mbili kasoro.
Nimelitafuta kwenye kifusi tangu asubuhi,
nikaumwa na siafu, nikakuta kobe, sikulikuta.

Alasiri, uani kwa Bi Mwanahija Kombo,
nilikaribishwa maji ya kunawa miguu.
Nikakanyaga, na chini ya unyayo
nikausikia msuko.

"Hilo? Alilileta babu yake mume wangu
mwaka paa lilipoanguka.
Alisema si vizuri lilale nje peke yake.
Mie nasugulia magaga. Jiwe zuri,
linakula gaga, halili mguu."

Nikapiga magoti kwenye povu la sabuni na tepu yangu.
Shubiri mbili kasoro.
Nakshi imelika upande mmoja tu, upande wa visigino.

Nilikuwa nimeshaandika: jiwe la kushoto, halipo.
Nikakata. Nikaandika: limehamia.
Nikafikiri kidogo, nikaongeza: linatumika.

Sehemu ya hali sijaijaza.
Kalamu ya kwanza imekauka,
ya pili nimempa kitukuu cha yule babu,
kesho ana mtihani wa hesabu.