Kilo Arobaini na Tatu

Bibi Apolonia hakubali kiti.
Amesimama mlangoni mwa ghala la chama,
mwavuli wake unadondosha maji sakafuni,
na neno lake ni moja tangu asubuhi:
"Zilikuwa arobaini na tatu, Rogati.
Siwezi kusahau mzigo nilioubeba safari mbili."

Daftari linasema thelathini na nne.
Daftari lenyewe limelowa; mvua za vuli zikianza
bati letu hapa Uru halina adabu,
kurasa za Oktoba zimegandana kama chapati za jana.
Lakini nilipiga picha ya ukurasa, siku ile ile.
"Ipo kwenye simu," namwambia,
kwa sauti ya mtu anayeijua simu yake.

Siijui.

Picha: elfu sita na mia mbili.
Kadi ya kipaimara. Kadi ya mchango wa harusi
ambayo ndoa yake imeshavunjika
na kadi bado inanidai elfu hamsini.
Maua yanayonitakia asubuhi njema
za mwaka juzi.
Giza la mfuko wa suruali yangu, mara kumi na moja.
Ng'ombe wa mtu, anauzwa. Alishauzwa.

Nafungua Vipakuliwa,
huko kila kitu huangukia na hakuna anayekiinua:
ratiba ya ligi, fomu ya bima,
fomu ya bima tena, yenye moja pembeni,
na tena, yenye mbili,
kama mgeni anayepiga hodi nyumba isiyo na watu.
Majina hayana baba wala mama,
tarakimu, kistari, tarakimu.

Nawaza kihamba cha baba.
Hakuna aliyeandika jina juu ya mgomba,
lakini hata ukiniamsha usiku wa manane
nitakuonyesha ndizi za mtori na ndizi za pombe,
na masale yanayosema
hapa ni kwetu, pale ni kwa akina Mosha.
Humu simuni sikupanda sale hata moja.

Naandika "kahawa" kwenye kisanduku cha kutafutia.
Simu inafikiri,
inaniletea tangazo la mkahawa wa Arusha.
Halafu inaongeza, kana kwamba nimeiuliza:
hifadhi imejaa.

Nafuta maua. Nafuta giza la mfukoni.
Kidole kinasita juu ya ile harusi. Nafuta.
Bibi ananyoosha shingo:
"Hicho unachotupa, una hakika si changu?"

Ndipo nakumbuka. Katikati ya msimu
nilihamisha picha kwa pupa, popote penye mlango.
Folda ya "Shule Noela". Nayo imo,
kati ya alama za hesabu za binti yangu
na risiti ya sare:
tarehe kumi na nne, Oktoba.

Naipanua. Mwandiko wangu. Thelathini na nne.
Moyo unatulia,
naona haya kwa kutulia kwake.
"Tazama mwenyewe, Bibi."

Hajui kuvuta picha kwa vidole viwili,
anaisogeza tu mpaka karibu na pua.
"Na hiki hapa nyuma?"

Nyuma ya daftari, konani,
gunia lake bado linaning'inia,
lina utepe mwekundu alioufunga mwenyewe,
na juu yake uso wa mizani:
mshale umepita arobaini,
umesimama kwenye kistari cha tatu.

Tatu na nne. Nilizigeuza.
Sijui nilikuwa nawaza nini. Njaa, labda.
Au kadi za michango.

Kilo tisa.
Sasa anakubali kiti.

Naunda folda mpya. Simu inauliza jina.
Naandika "Msimu", nafuta.
Naandika "Apolonia".
"Hapana," anasema, "kosa si langu.
Andika lako."

Naandika Rogati.
Simu inanisahihisha: Rozari.
Naikatalia. Naandika tena, herufi moja moja,
naye anahesabu.