Choki ya Mia Nne

Balbu niliinunua Kiseka, wati mia mbili hamsini.
Choki niliitoa kwenye taa ya barabarani iliyokufa.
Muuzaji akasema, "Zote huwaka tu, mzee."

Ziliwaka kweli.
Chumba cha nyuma, hapa Mukono, kikawa chungwa kitupu;
miche ya krisanthemu mia tatu
ikakesha, ikidhani jua limesahau kutua.

Usiku wa nne choki ikavuma
kama nyigu ndani ya kopo.
Namazzi akagusa bati, akarudisha kidole mdomoni.
"Taata, hii ni ya mia nne.
Unamlisha mtoto posho ya askari."

Nilikuwa napiga hesabu ya Valentino.
Sikuinua kichwa.

Alfajiri, vioo juu ya majani,
harufu ya lami iliyoungua,
na miche, gizani, tayari imeanza kufunga vitumba.

Siku hizi tunasoma maandishi madogo mgongoni mwa bati:
namba kwa namba, sodiamu kwa sodiamu.
Yeye hushika tochi,
mimi navaa miwani ya marehemu mama yake.

Sijamwambia kwamba alisema kweli.
Nimempa ufunguo wa chumba.