Hewa Iliyonyooka

Dagaa walikuwa wengi siku ile, Igombe,
na Holo alikuwa anashindana na mvua.
Akateleza. Chanja ikampokea usoni.
Ndivyo alivyonisimulia, wiki ya tatu,
jicho la kushoto limetutumka kama andazi,
kope ikivuja usaha usiosikia vidonge.

Zahanati walimshona nyuzi mbili wakamwambia: bahati yako,
jicho lenyewe halikuguswa.
Kweli halikuguswa. Linasoma herufi za mstari wa mwisho.
Ila nikimwambia "tazama juu"
moja hupanda, jingine hugoma,
naye husema kwa aibu, kama mtu anayesingizia,
"Daktari, taa yenu imekuwa mbili."

Picha ya kwanza, ya mifupa: safi, bubu.
Chuma kingejitangaza.
Mti hauna neno mbele ya eksirei.
Nikampeleka kwenye ile mashine ya duara,
na Masalu wa picha akagusa kioo kwa kalamu,
weusi mwembamba, nyuma kabisa ya jicho.
"Hewa tu hiyo. Iliingia na jeraha."

Hewa.

Nikasimama dirishani. Chini kule
kivuko cha Kamanga kilikuwa kinageuza mgongo.
Hewa ya wiki tatu?
Hewa hutawanyika, hutafuta pa kutokea,
hujikunja kama moshi wa kuni mbichi.
Hii imekaa kama rula.

Nikamrudia Holo na swali
ambalo fomu haikuliwekea nafasi:
"Ule ufito ulitoka mzima?"
Hakujua. Nani huhesabu fito mvua ikinyesha
na dagaa wa mkopo wanalowa?

Nyanzobe, dada yake, hakujibu. Aliondoka.
Kesho yake akarudi na gari la alfajiri,
akafungua kanga mezani pangu, juu ya mafaili:
ufito wa tete uliokatika mshazari,
bado una magamba,
na mwingine mzima, "wa kulinganishia,
tulivikata siku moja, kimo kimoja."

Nikapima pengo. Nikapima weusi.
Tatu na nusu. Tatu na nusu.
Masalu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Nikakata neno *hewa*, nikaandika *mti*,
nikapiga simu chumba cha upasuaji.
Holo akauliza ile mashine ilinunuliwa kwa shilingi ngapi.
Nikamtajia.
Akamgeukia Nyanzobe, kwa lile jicho moja linalotii,
wakacheka mpaka muuguzi akaja kuchungulia.